Jaribio la Magunia

Mkono ulioandika jina la Mzee Gathogo katika orodha ya wasiojiweza ni huu wangu. Hakuna aliyenishikia panga. Nilikuwa karani wa kampuni yetu ya kununua mashamba, nikaambiwa andika, nikaandika.

Naitwa Virginia. Mwaka huo wa 1969 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza darasa la nane, na nilijua kupiga chapa kwa vidole vinne. Kampuni ilikuwa na memba mia mbili na kitu, wengi wao watu waliotoka Murang'a na Nyeri zamani kutafuta kazi kwenye mashamba ya Makaburu. Miaka mitatu nyuma tulikuwa tumenunua shamba moja upande wa Yamumbi, mwenyewe aliporudi kwao Afrika Kusini. Tulilima pamoja, mahindi na ngano, huku kila mtu akingoja siku ya kukatiwa kipande chake.

Gathogo alilijua shamba lile kuliko sisi wote, maana alilifanyia kazi miaka thelathini na minane. Kazi yake ilikuwa magunia. Gunia la mahindi siku hizo lilikuwa ratili mia mbili, na halikupandishwa kwenye lori kwa mashine. Uliegemezwa ubao mrefu, mtu akatwikwa gunia mgongoni, akapanda. Watu wengine walipanda kama wanaoenda kunyongwa. Gathogo alipanda kwa hatua za haraka, akatupa mzigo, akateremka mbio kuchukua mwingine. Walimwita Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo. Mimi nilizaliwa shamba la jirani, na nakumbuka akitubeba watoto wawili, mmoja kila mkono, akizunguka nasi uwanja wa ghala huku mama zetu wakipiga kelele atushushe.

Mke wake aliitwa Waceke, jina ambalo kwa Kikuyu ni la mtu mwembamba, na lilimfaa. Alikuwa mdogo, mwendo wake wa pole, kichwa kimeinama kwa sababu ya ukanda wa kubebea kuni ambao ulikuwa umemchimbia mfereji kwenye paji la uso. Hakuna aliyewahi kumsifu kwa nguvu. Walizaa watoto wawili. Wangari aliolewa Molo. Mvulana alikufa kizuizini wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, na hawakuonyeshwa kaburi.

Nguvu za Gathogo hazikuondoka siku moja. Kwanza tuliona akichagua kukaa karibu na nguzo kwenye mikutano, ili apate mahali pa kushika akisimama. Halafu alianza kuweka mikono juu ya magoti kabla ya kuinuka, na kuhesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Siku za kulima pamoja kila mtu alipimiwa mistari yake kwa kamba. Zamani Winchi alikuwa akimaliza yake kabla ya chai. Sasa saa nne ikifika alikuwa amesimama katikati, akinoa jembe ambalo halikuhitaji kunolewa, kifua kikipanda na kushuka. Waceke, ambaye hakuwahi kukimbia wala kusimama, alimaliza mistari yake, akaingia ya mzee kutoka upande wa chini. Wakakutana katikati. Nilijua kuwa alikuwa pia akiamka mapema kupasua kuni, ili mzee akitoka nje akute zimekwisha pasuliwa na asijaribu shoka.

Hilo la kuni lilimuudhi kuliko yote. Siku moja nilimsikia akimwambia mkewe, "Unanifanya mimi mgonjwa?"

"Nilikuwa nasikia baridi, Baba Wangari," alisema Waceke. "Nilipasua ili nipate joto."

Mwezi wa kwanza mwenyekiti wetu, Macharia, aliita mkutano. Macharia alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, shingo nene, mcheshi. Alijifunza kubeba magunia kwa Gathogo huyo huyo. Ni Gathogo aliyemwonyesha mahali pa kuweka gunia, juu kidogo ya mabega, ili lisimvunje kiuno.

"Tunakaribia kugawana," alisema. "Na kamiti imeona kuna shida. Kuna memba wanakula jasho la wengine. Mtu hawezi kulima, hawezi kuvuna, lakini anataka ekari tano kama mwenye nguvu. Hiyo ardhi itakaa pori. Serikali ikiona pori, itasema Wakikuyu walinyang'anyana shamba halafu wakashindwa nalo."

Watu walinung'unika, wengine wakitikisa vichwa kukubali. Ndipo akasoma sharti. Kila memba mwenye miaka sitini na zaidi angebeba gunia moja kutoka mlango wa ghala mpaka juu ya lori. Akiweza, anapata ekari zake tano. Akishindwa, anapata nusu, au anampa sheya yake yote mtu wa jamaa yake mwenye nguvu za kulima. Wajane watatu waliokuwa memba wangepanda kilima kutoka mtoni na debe la maji, mara tatu, bila kutua.

"Na hizo nusu zinazobaki?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Zitabaki za kampuni," alijibu Macharia, akafunga karatasi.

Nilitazama mahali alipokaa Gathogo, karibu na nguzo. Alikuwa akicheka. Alisema kwa sauti, ili kila mtu asikie, "Gunia moja? Nilidhani mtatuambia kumi."

Wiki mbili baadaye nilitumwa mjini kukodi lori. Lori lenyewe lilikuwa la Mahamud, Msomali aliyekuwa na duka na stoo karibu na stesheni ya reli. Ndevu zake alizipaka hina, na alijua kila mtu kwa jina la baba yake. Nilipoingia uani nilimkuta Gathogo. Alikuwa amevua shati. Mbele yake kulikuwa na gunia la sukari, naye amelikumbatia kama mtu anayepigana mieleka, uso mweusi kwa damu iliyopanda kichwani. Aliliinua mpaka kifuani. Likakaa hapo kidogo, likateremka lenyewe.

Aliponiona alichukua shati haraka. Kifua chake kilikuwa kimeingia ndani, na ngozi ya mikono ilining'inia pale ambapo zamani palijaa.

"Wewe Virginia," alisema, "hukuniona hapa."

"Sikukuona, Mzee."

Alipoondoka, Mahamud alinimiminia chai, akatikisa kichwa. "Anakuja kila Jumanne na Ijumaa. Anasema anataka kazi kidogo ya kunyoosha mwili. Nimemwambia aache. Wiki jana alikaa pale kwenye ngazi saa nzima, hawezi hata kuongea."

"Labda nguvu zitarudi akizoea," nilisema.

"Zitarudi kidogo. Hazitarudi zile." Alinyoosha mguu wake mmoja, akalisugua goti. "Mimi nilikuwa naleta ng'ombe kutoka Isiolo kwa miguu, usiku na mchana. Sasa nikitoka hapa kwenda msikitini lazima nipite kwa Hassan na kwa yule fundi saa, nasema nawasalimia. Siwasalimii, binti. Ninapumzika. Zile nguvu za ghafla, za kusema 'hap!' na kitu kiko juu, hizo ndizo zinaondoka kwanza. Kutembea pole pole bado naweza, nafika. Lakini mzee wenu hajui kufanya kitu pole pole, hakufundishwa. Mwambie mwenyekiti hilo gunia litamuua. Wewe unakaa naye ofisini. Mwambie."

"Nitamwambia," nilisema.

Sikumwambia. Niliporudi ofisini Macharia alikuwa na wageni, na siku iliyofuata nilikuwa na barua za kupiga chapa, na siku ya tatu nilijiambia kwamba mzee mwenyewe alinikataza nisiseme. Nimekuwa nikijirudia sababu hizo miaka mingi. Ukweli ni kwamba niliogopa kupoteza kazi yangu.

Jaribio lilifanywa Jumamosi asubuhi. Kulikuwa na umande bado kwenye mabua, na wazee kumi na mmoja walikuwa wamesimama kwenye ukuta wa ghala wakiota jua kama watoto wanaongoja sindano. Watu walikuja wengi kuliko mkutano wowote. Mimi nilikaa kwenye meza ndogo, orodha mbele yangu, kalamu mkononi.

Wa kwanza, mwenye miaka sitini na mmoja, aliweza, ingawa alipofika juu alitapika. Wawili waliofuata walishindwa kabla ya kufika kwenye ubao. Mmoja alikataa hata kutwikwa. Alisema tu, "Andika nusu," akaenda zake. Mjane wa kwanza alipanda kutoka mtoni mara mbili, na mara ya tatu akaketi katikati ya kilima, debe kichwani bado, akawa analia huku maji yakimwagika mabegani. Wale wengine wawili walifaulu. Niliandika.

Gathogo aliitwa wa nane. Alivua koti lake, akalikunja, akampa Waceke. Vijana wawili wakamtwika. Nilimwona akitafuta mahali pa gunia, juu kidogo ya mabega, kama alivyomfundisha Macharia. Akaondoka.

Alitembea vizuri. Lazima niseme hivyo. Kutoka mlangoni mpaka kwenye lori ni hatua kama thelathini, naye alizitembea zote bila kuyumba, na watu wakaanza kuita, "Winchi! Winchi!" Hata Macharia aliita. Mzee aliposikia jina hilo aliongeza mwendo. Nadhani hilo ndilo lililommaliza. Alifika kwenye ubao kwa kasi ya zamani, akaweka mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hapo paja lake la kulia likaanza kutetemeka. Lilitetemeka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Alisimama. Kelele zikapungua.

"Panda, Mzee," mtu alisema kwa upole.

Hakupanda, hakushuka. Tulimwona akiamuru mguu, na mguu ukikataa. Kisha goti likakunjika, gunia likateleza juu ya bega, likamvuta kando naye akaanguka nalo.

Hakuna aliyekimbia kumwinua, maana alikuwa tayari amenyoosha mkono kutuzuia. Alikaa kwa mikono na magoti kwenye vumbi muda mrefu. Halafu alitambaa mpaka kwenye gurudumu la lori, akalishika, akajivuta juu. Damu ilikuwa ikitoka kwenye kiwiko. Hakuwa akitazama mtu.

"Pole, Mzee," alisema Macharia. Alinigeukia. "Andika."

Nikaandika: Gathogo. Hajiwezi.

Ndipo Waceke akaja mbele. Aliliweka koti la mumewe juu ya jiwe, akalisawazisha, akasimama karibu na gunia.

"Mwenyekiti," alisema, "mlisema gunia lifike juu ya lori. Ndivyo?"

"Ndivyo, Mama. Lakini..."

"Mlisema lifike mara ngapi?"

Macharia hakuelewa. Waceke hakumngoja. Aliinama, akafungua kamba ya gunia kwa meno, akamimina mahindi kwenye kikapu chake cha kiondo mpaka kikajaa. Akakaa chini, akajipachika ukanda kwenye paji la uso, akainuka. Hakuinuka upesi. Aliegemea mbele, akatanguliza goti moja, akatulia hapo, akatanguliza lingine. Nilisikia viungo vyake vikilia. Kisha akatembea hatua zake ndogo, akafika kwenye ubao, akaupanda kwa mikono na miguu kama mtu anayepanda paa, akamwaga mahindi juu ya turubai lililotandikwa kwenye lori. Akashuka kwa kukaa.

Watu walianza kucheka. Alipumzika juu ya jiwe, karibu na koti, macho yamefumba. Akarudi kwenye gunia.

Alikwenda mara nne. Mara ya pili bado walicheka. Mara ya tatu hakuna aliyecheka, na jua lilikuwa limepanda, na jasho lilikuwa limeulowesha ukanda mpaka ukawa mweusi. Mara ya nne alisimama katikati ya ubao, nikadhani mambo yameisha. Aliinamisha kichwa, akapumua, akangoja. Hakuamuru mguu kama mumewe. Aliungoja. Ulipokuwa tayari akapanda. Mwisho alichukua gunia tupu, akapanda nalo, akalijaza kwa viganja, akafunga mdomo wake kwa kamba ile ile. Kazi yote ilichukua karibu saa moja, na hakuna mtu aliyekuwa ameondoka.

"Gunia lenu liko pale," alisema.

Wanawake walipiga vigelegele. Mwanaume mmoja alipaza sauti, "Hiyo si kubeba! Hiyo ni mchezo wa siafu!"

"Na huko shambani," alisema Waceke, bado akihema, "tutakapopewa ekari, mahindi yatavunwa mara moja? Yatabebwa kwa mkupuo mmoja? Nani alivuna hapa miaka hii yote?"

"Kweli!" waliitikia wanawake. "Sema, Mama!"

Kamiti ilienda kando kunong'ona. Walirudi, na Macharia alikuwa na uso wa mtu aliyekula kitu kichungu akiwa ugenini. "Mama," alisema, "wewe si memba. Mwenye sheya ni mzee. Lakini sharti linasema mtu wa jamaa mwenye nguvu. Halikusema mwanaume." Akageuka. "Mzee Gathogo. Sheya ni yako. Tukiandika jina la mama, mnabaki na ekari zenu tano. Unasema nini?"

Kila mtu alimtazama. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha lori, kiwiko kimefungwa leso. Mimi nilikuwa nimekwisha weka kalamu kwenye karatasi, kwenye herufi ya W, kwa maana jibu lilikuwa moja tu.

"Andika Gichuru," alisema Gathogo.

"Gichuru gani?"

"Mtoto wa ndugu yangu. Yuko Murang'a."

Waceke alimkaribia. "Baba Wangari, huyo ulimwona mara ya mwisho akiwa ananyonya. Hata hujui kama ni mlevi."

"Ni mwanaume."

"Mimi nimepandisha gunia."

"Nimeona," alisema Gathogo. "Wote wameona."

Macharia alinyanyua mabega. Sijui kama alifurahi au alisikitika. Wakati huo nilidhani alisikitika. Niliinua macho, nikakutana na ya Waceke. Nilitaka aseme kitu, apige kelele, anikataze. Alikwenda kwenye jiwe, akachukua koti, akampelekea mumewe. Nami nikaandika Gichuru.

Mwezi wa tatu, kabla ya mvua, tulikatiwa mashamba. Zile nusu za wazee walioshindwa hazikubaki za kampuni. Ziligawanywa kwa watu watano wa kamiti, Macharia akipata sehemu iliyo karibu na barabara. Najua kwa sababu ni mimi niliyepiga chapa ile karatasi. Nami nilipewa robo ekari kwa bidii yangu ya ukarani. Niliichukua.

Gichuru alifika na mke na suti moja. Mwezi wa kwanza alimwita Gathogo baba, akamnunulia tumbako. Mwezi wa pili alijenga nyumba katikati ya shamba na kuwahamishia wazee kwenye kona ya chini, penye majimaji. Waceke alilima kona ile. Gathogo, tangu siku ya lori, hakushika jembe tena. Mgongo ulimuuma, hiyo ni kweli, lakini hata ulipopoa alibaki kwenye kigoda, akitazama barabara.

Nilikwenda kuwaona mara moja wakati huo. Nilimkuta Waceke akitifua matuta ya viazi, nikashika jembe la pili nimsaidie. Tulipofika mwisho wa tuta alinieleza, bila mimi kuuliza.

"Nilimwuliza kwa nini. Aliniambia, ningelala wapi, katika shamba la mke wangu? Nikamwambia, ungelala pale pale ulipolala siku zote." Alipiga bonge la udongo kwa kisigino cha jembe. "Unajua, Virginia, yeye anafikiri mimi nilimzidi siku ile. Sikumzidi. Mimi pia nimeisha. Huu mkono haupiti bega. Usiku magoti yananiamsha. Ila mimi sikuwahi kuwa na nguvu za kujivunia, kwa hivyo zilipopungua sikuona aibu. Nilipunguza mzigo tu. Yeye angepunguza mzigo, angekuwa nani?"

Nilimwambia pole. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, nikaona aibu kulisema.

Mwaka wa 1972 Gichuru aliuza shamba lote, pamoja na ile kona, akarudi Murang'a. Hakuwaaga. Wazee walijua siku mwenye shamba mpya alipokuja kupima na kamba. Gathogo alikwenda katika ofisi ya kampuni kulalamika, akitembea kwa fimbo kutoka Yamumbi. Macharia alimwambia kwa adabu kabisa kwamba karatasi zina jina la Gichuru, na kwamba aliyelitoa ni yeye mwenyewe mbele ya watu mia tatu. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu. Nilijifanya natafuta faili.

Walihamia mtaa wa Munyaka, kule mjini, chumba kimoja cha mbao. Waceke alinunua viazi kutoka mashambani, akavibeba kwa kiondo mpaka sokoni. Wangari alitaka wahamie kwake Molo, lakini baba alikataa kukaa kwa mkwe.

Nilichelewa kuwatembelea. Nilikwenda mwaka wa 1974, nilipoacha kazi ya kampuni na kuolewa. Gathogo alikuwa amekaa nje, blanketi begani, miguu myembamba kama ya mtoto. Alinitambua.

"Karani," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Hujambo?"

Hakujibu salamu. Aliniuliza, "Siku ile uliandika kwa wino ama kwa penseli?"

"Kwa wino, Mzee."

Alitikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyekuwa akibishana na mwingine kuhusu jambo hilo na sasa amepata jibu. Nilitaka kumwambia kuhusu Mahamud, kwamba niliagizwa kusema nikanyamaza. Nililifikisha neno mpaka mdomoni. Lakini Waceke akatokea chini ya mteremko na kiondo chake, nikapata sababu ya kunyamaza tena.

Alisimama mara tatu kabla ya kufika. Mara ya tatu ilikuwa karibu sana nasi, hatua kumi hivi, na alishika ukuta wa jirani kwa mkono. Nilikimbia.

"Nishikie hapa chini," alisema. Hakuwahi kuniomba hivyo. Nilishika kiondo. Hakikuwa kizito, nusu debe ya viazi labda. "Mwaka jana nilikuwa nabeba debe zima," alisema akihema. "Sasa ni nusu. Na mwaka ujao sijui."

Kutoka kwenye kigoda Gathogo alikuwa akitutazama. Uso wake, ambao sikuwa nimeuona ukicheka tangu ule mkutano wa Macharia, ulifunguka.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Na wewe."

Waceke alijitoa ukanda kichwani. Alimtazama mumewe kwa muda, mfereji wa paji la uso ukiwa umelowa jasho. Kisha aliinama, akachagua viazi vinne, akaingia ndani kuwasha jiko.